Uzuri wa Mkakasi: Sandarusi, Msasa na Rangi katika Ala za Muziki za Mbao, kutoka Mrima hadi Mwenge

Utangulizi

Wahenga walisema kwamba uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi. Mkakasi ni kichombo cha mti chenye mfuniko, kilichopambwa hata kikapendeza, ambacho uzuri wake wote umo katika ngozi yake ya nje. Walimu wa fasihi wameizoea methali hii kama onyo juu ya sura nzuri isiyo na tabia nyuma yake. Hata hivyo, kabla ya kuwa onyo juu ya watu, methali hii ni taarifa ya fundi. Ni maneno ya mtu aliyewahi kuona mti uliong'arishwa ukimwagikiwa maji, na mng'aro wake ukaharibika mbele ya macho yake. Fundi wa leo anayepaka shelaki juu ya gitaa au udi anaijua taarifa hiyo bila kufundishwa: tone la maji likilala usiku kucha juu ya utando wa shelaki, asubuhi huacha doa jeupe.

Mhadhara huu unahusu hatua ya mwisho katika utengenezaji wa ala ya muziki ya mbao, yaani kuilainisha, kuitia rangi na kuing'arisha, pamoja na historia ya maneno ambayo Kiswahili kimeyatumia kuitaja kazi hiyo. Hatua hii imepata nafasi ndogo katika maandishi. Wanaoandika juu ya muziki hushughulika na sauti. Wanaoandika juu ya sanaa hushughulika na umbo. Na wanaoandika kamusi mara nyingi hutosheka na fasili ya mstari mmoja. Lakini ni katika hatua hii ambapo fundi humaliza mazungumzo yake na mti na kuanza mazungumzo na mnunuzi. Anachokiweka juu ya mbao kinaweza kuuonyesha mti jinsi ulivyo, au kinaweza kuusemea jambo ambalo si la kweli.

Maneno manne yatafuatwa hapa: sandarusi, lakiri, msasa na kiwi. Njia yake inaanzia katika mashimo ya Uzaramo na kuishia katika vibanda vya wachongaji wa Mwenge, jijini Dar es Salaam. Mwishoni litaulizwa swali ambalo ni la lugha kama lilivyo la ufundi: je, mpingo ni jina la mti, au limeanza kuwa jina la rangi?

Sandarusi ya Mrima

Kabla ya Dar es Salaam kuwa mji, nchi iliyo nyuma ya bandari yake ilikwisha kujulikana kwa wafanyabiashara wa mbali kwa bidhaa iliyochimbwa ardhini. Sandarusi ni utomvu ulioganda wa msandarusi, mti ambao wataalamu wa mimea huuita Hymenaea verrucosa. Mti ukifa na kuoza, utomvu uliofukiwa na udongo hubaki, ukazidi kuwa mgumu kadiri miaka inavyopita, hata mahali ambapo msitu wenyewe umekwisha kutoweka. Wachimbaji wa Uzaramo na sehemu nyingine za Mrima walifukua udongo mwekundu wa kichanga na kutoa vipande vya rangi ya asali. Vikisha kusafishwa, vipande hivyo vilionyesha vipele vidogo vidogo vilivyotandaa juu ya uso wake wote, mithili ya ngozi ya bata aliyenyonyolewa. Vipele hivyo ndivyo vilivyokuwa hati ya ubora.

Richard Burton, aliyepita Uzaramo mwaka 1857 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1860, aliieleza biashara hii kwa kirefu. Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, jambo la thamani zaidi katika maelezo yake ni msamiati. Wenyeji waliitofautisha sandarusi ya kuchimbwa, iliyokomaa, na utomvu mbichi uliotolewa mtini, ambao waliuita chakazi. Wafanyabiashara wa kigeni waliokuwa Zanzibar hawakulishika neno hilo sawasawa. Wakaligeuza kuwa jackass, neno ambalo kwa Kiingereza humtaja punda dume. Kosa hilo la masikio likaingia katika vitabu vya ufundi wa vanishi, na kwa muda mrefu mafundi wa Ulaya na Marekani walisoma habari za “kopali ya punda” bila kujua kwamba walikuwa wakitamka Kiswahili kilichoharibika. Wenyeji walikuwa na istilahi sahihi ya kutenganisha bidhaa bora na bidhaa hafifu. Ugenini istilahi ikageuka kichekesho, lakini tofauti yenyewe ya ubora haikusahauliwa, kwa kuwa ilihusu fedha.

Mwaka 1833 Sayyid Said bin Sultan alifanya mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 Richard Waters wa mji wa Salem, Massachusetts, akafika Zanzibar akiwa balozi mdogo wa kwanza wa nchi hiyo. Merikebu za Salem zilileta kitambaa cha pamba, ambacho hata jina lake la Kiswahili, merikani, linataja asili yake; nazo zikarudi na pembe za ndovu, ngozi na sandarusi. Huko Salem sandarusi ilisafishwa kwa maji ya magadi, ikapangwa kwa daraja na kuuzwa kwa watengenezaji wa vanishi. Vanishi yake ilisifiwa kwa ugumu na kwa mng'aro usiochuja upesi. Ilipakwa juu ya magari ya farasi, samani, na hata makasha ya piano.

Hapa historia ya ala za muziki inakutana na historia ya pwani kwa namna isiyotarajiwa. Piano iliyokaa sebuleni mwa nyumba ya Kimarekani katikati ya karne ya 19 ilikuwa na vibao vyeupe vilivyokatwa kutoka pembe za ndovu, na nyingi za pembe hizo zilipita Zanzibar baada ya kubebwa mabegani mwa wapagazi kutoka bara. Kasha lake liliweza kung'aa kwa utomvu uliochimbwa Uzaramo. Aliyeipiga hakuhitaji kujua lolote kati ya hayo. Mkono wake ulipapasa kazi ya Afrika Mashariki, ilhali masikio yake yalisikia muziki wa Ulaya.

Yafaa kuuliza ni kwa nini sandarusi haikuwa vanishi ya karakana za pwani yenyewe. Sehemu ya jibu imo katika tabia ya bidhaa hii. Sandarusi iliyokomaa haiyeyuki kwa urahisi katika spiriti. Sharti kwanza ipikwe chomboni kwa joto kali mno, hadi iyeyuke na kupoteza sehemu ya uzito wake, kisha itiwe mafuta ya kitani yaliyopashwa moto, na hatimaye izimuliwe kwa tapentaini. Kazi hiyo ilihitaji matanuri na mafuta ya kutoka mbali, nayo ilikuwa ya hatari, kwa sababu mvuke wake hushika moto. Kwa hiyo malighafi ilisafiri na ufundi ukabaki ugenini. Ngoma, marimba na gambusi za kale zilipata mng'aro wake kwa njia ya polepole zaidi: mafuta, moshi, na kushikwashikwa na mikono ya wapigaji kwa miaka mingi.

Baadaye soko lilizipata kopali za Kongo na utomvu wa mkauri wa New Zealand, na katika karne ya 20 vanishi za viwandani zikazifunika zote. Neno sandarusi, hata hivyo, halikufa, lilihama. Katika Kiswahili cha Tanzania cha siku hizi, mtu anaposema sandarusi, aghalabu msikilizaji huona akilini mfuko wa plastiki uliofumwa, ule wa kubebea mchele, mkaa au sukari. Neno lililowahi kutaja utomvu wa thamani limetua juu ya gunia la bei rahisi. Msomaji wa maandishi ya karne ya 19 asipoutambua uhamaho huu, atadhani kwamba Wazaramo walichimba magunia.

Lakiri, shelaki na sauti

Ndugu wa sandarusi kwa matumizi, ingawa si kwa asili, ni shelaki. Hii haitoki mtini moja kwa moja. Ni majimaji yanayotolewa na mdudu mdogo wa Asia, Kerria lacca, anayeng'ang'ania vitawi vya miti hasa nchini India na Thailand. Vitawi vikikwanguliwa, na makwanguo yake yakayeyushwa, yakachujwa na kutandazwa yawe kama karatasi nyembamba, hupatikana magamba ya rangi ya chai au ya chungwa. Hayo ndiyo shelaki.

Bidhaa hii ilikuwa na mlango mwingine wa kuingilia katika Kiswahili, wa zamani zaidi kuliko useremala wa kisasa. Neno lakiri hutaja nta ngumu iliyoyeyushwa juu ya barua au mzigo na kupigwa muhuri. Shelaki ilikuwa kiungo kikuu cha nta hiyo. Umbo la neno lenyewe linafanana sana na lacre la Kireno, lenye maana iyo hiyo, ambalo nalo ni la ukoo wa jina la Kihindi la mdudu huyo. Kwa hiyo pwani ilimjua mdudu wa India kwanza kama mlinzi wa siri za barua, na baadaye tu kama mng'arishaji wa mbao.

Sababu iliyoifanya shelaki ipendwe na watengenezaji wa ala ni wepesi wake. Haihitaji tanuri. Magamba huloanishwa katika spiriti hadi yayeyuke, yakachujwa, kisha yakapakwa kwa pamba iliyofungwa ndani ya kitambaa laini. Fundi hupitisha kitambaa hicho kwa mizunguko midogo midogo isiyosimama, kwa maana kitambaa kikisimama hunata na kuchubua utando ulio chini. Tone la mafuta husaidia kiteleze. Kila tabaka ni jembamba mno, na spiriti iliyomo hulainisha tabaka la chini yake hata yote yakawa kitu kimoja. Ndiyo maana mkwaruzo juu ya shelaki unaweza kutengenezwa bila kuanza upya, jambo ambalo vanishi nyingi za viwandani hazikubali.

Wembamba huo si wa macho tu. Ubao wa uso wa gitaa au udi ni mwembamba kwa sababu unatakiwa utikisike. Utando mzito huuongezea uzito na ugumu, na sauti ikafifia. Kwa sababu hiyo, mafundi wengi wa udi hung'arisha mgongo wa ala na kuuacha uso wake ukiwa mkavu, au wakaupaka kidogo sana. Ilimba ya Wagogo nayo ina funzo lake: juu ya kisanduku chake huwa na tundu linalofunikwa kwa utando wa buibui ili kuipa sauti mvumo. Fundi anayeipaka vanishi bila uangalifu na kuliziba tundu hilo atakuwa ameipamba ala na kuinyamazisha kwa mpigo mmoja.

Uhusiano wa shelaki na muziki wa Waswahili una sura nyingine isiyotajwa sana. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walisafiri kutoka Zanzibar hadi Bombay kurekodi nyimbo zao. Santuri za wakati huo zilifinyangwa kwa mchanganyiko wa shelaki na unga wa mawe. Basi sauti ya mwimbaji ambaye Shaaban Robert alimwandikia wasifu, pamoja na mlio wa udi na fidla vilivyomsindikiza, ilihifadhiwa katika utomvu wa mdudu yule yule ambaye hung'arisha ala zenyewe. Na udhaifu wake ulikuwa ule ule: santuri hizo zilivunjika kwa urahisi.

Msasa: neno lililotoka porini

Kabla ya rangi na kabla ya shelaki, mbao sharti ipigwe msasa. Leo neno hili humaanisha karatasi yenye chembe kali, inayouzwa kwa namba, ambapo namba ndogo ni ya kukwangua na namba kubwa ni ya kulainisha. Lakini asili ya neno haimo dukani. Msasa ni mmea ambao majani yake yana ukali wa kukwaruza, na mafundi waliyatumia majani hayo kusugulia mbao. Karatasi ya kiwandani ilipofika, Kiswahili hakikuazima jina lake la kigeni. Kililirithisha jina la jani. Huu ni mfano mzuri wa namna lugha inavyopokea chombo kipya kwa kutazama kazi yake badala ya asili yake.

Kazi ya msasa ina kanuni zinazoeleweka kwa yeyote aliyewahi kuharibu ubao. Husuguliwa kwa kufuata nyuzi za mti, si kwa kuzikata. Haifai kuruka kutoka namba ya chini kabisa hadi ya juu kabisa, kwa kuwa mikwaruzo ya msasa wa kwanza hubaki, na ingawa haionekani mti ukiwa mkavu, rangi ikiingia huijaza na kuianika kama mistari ya daftari. Anayetaka kutumia rangi ya maji hulowanisha kwanza ubao kwa maji matupu, huacha nyuzi zisimame, akazipiga msasa tena, ndipo rangi ifuate. Rangi za namna hiyo zilipata nguvu mpya baada ya William Perkin kugundua rangi ya kwanza ya maabara mjini London mwaka 1856. Kabla ya hapo mafundi walitegemea magome, mizizi na madini.

Kiswahili kimelichukua neno hili hadi mbali. Mswada hupigwa msasa kabla ya kuchapishwa. Walimu na maofisa hupigwa msasa katika semina. Mshairi huupiga msasa ubeti wake. Inafaa kutazama kwa makini sitiari hii inasema nini. Msasa hauongezi kitu chochote juu ya mti, hupunguza tu. Anayepigwa msasa hapewi sura nyingine, bali huondolewa kilichozuia sura yake isionekane. Kinyume chake ni kupaka. Msemo wa kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa humaanisha kumhadaa kwa maneno matamu. Lugha yenyewe, bila kuitisha kongamano, imezigawa hatua mbili za useremala katika mizani ya maadili: kusugua ni kusema kweli, na kupaka kunahitaji kutazamwa mara mbili.

Mwenge na weusi wa mpingo

Mizani hiyo haionekani wazi mahali popote kama inavyoonekana Mwenge. Hapo, mwendo mfupi kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilichopo Mlimani, wachongaji na wauzaji wamekusanyika kwa miongo kadhaa hata mahali pakaitwa Mwenge Vinyago. Pamoja na vinyago huuzwa ngoma, marimba na zeze. Mlio wa tezo na patasi husikika nyuma ya vibanda, na mbele yake hukaa kazi zilizokamilika, nyingi zikiwa nyeusi.

Weusi huo una historia. Wamakonde waliohamia Tanganyika kutoka Msumbiji walikuja na ufundi wa kale wa kuchonga, lakini barakoa zao za mapiko zilichongwa kwa mti mwepesi, kwa sababu zilikusudiwa kuvaliwa na kuchezewa. Mpingo ulishika nafasi ya mbele wachongaji walipoanza kuwachongea wageni. Katika miaka ya 1950 mfanyabiashara wa Dar es Salaam, Mohamed Peera, alikuwa miongoni mwa waliowatafutia wachongaji hao soko, na kutokana na mazingira hayo zikatokea kazi za mashetani zinazohusishwa na jina la Samaki Likankoa, na baadaye minara ya watu waliobebana iliyokuja kuitwa ujamaa. Kwa mnunuzi wa kigeni, sanaa ya Kimakonde na rangi nyeusi vikawa kitu kimoja.

Mpingo, Dalbergia melanoxylon, hauhitaji rangi. Kiini chake ni cheusi chenye wekundu wa zambarau ndani yake, na kimezungukwa na gamba jembamba la mti mweupe wa manjano. Uzito wake huzidi kilo 1,200 kwa mita moja ya ujazo, hivyo kipande chake kikitupwa majini huzama. Nyuzi zake zimebanana na umejaa mafuta yake wenyewe. Kwa hiyo msasa laini, nta kidogo na kitambaa kikavu hutosha kuung'arisha kama kioo. Mti wa namna hii ndio ambao msasa peke yake huumaliza.

Lakini mpingo hukua polepole mno. Mti hutaka miaka 70 au zaidi ili ufae kuvunwa, na hata ukivunwa, shina lake mara nyingi limepinda na lina nyufa. Kadiri ulivyozidi kuwa adimu na ghali, ndivyo mti mweupe ulivyozidi kupakwa rangi nyeusi. Chombo cha kufanyia hivyo kimo katika kila nyumba: dawa ya viatu, ambayo Waswahili huiita kiwi kutokana na jina la biashara lililoanza Australia mwaka 1906. Ubao laini ukipakwa kiwi nyeusi na kusuguliwa kwa brashi hutoa mng'aro unaomtosha mgeni aliye na haraka ya kwenda uwanja wa ndege.

Kiswahili kilikuwa na neno kiwi kabla ya kopo hilo kufika. Kiwi cha macho ni ile hali ya macho kushindwa kuona kwa sababu ya mwanga mkali. Maneno haya mawili hayana ukoo. Yamekutana kwa bahati tu. Hata hivyo, ni vigumu kupata bahati inayofaa kuliko hii, kwamba kitu kinachotumiwa kuficha mti kimebeba jina la kutokuona.

Wajuzi wana njia zao za kupima. Hukiinua kitu mkononi, kwa kuwa uzito hauwezi kupakwa. Hugeuza kitako na kukikwangua kwa ukucha au kisu, kwa kuwa mpakaji mara nyingi husahau upande usioonekana. Hukisugua kwa kitambaa chenye unyevu ili kuona kama weusi utahamia kitambaani. Kipimo hiki cha mwisho ni methali ya mkakasi ikitekelezwa kwa vitendo.

Karakana ya upande wa pili

Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kumhukumu mpakaji wa Mwenge. Historia ya ala za muziki inakataza wepesi huo.

Klarineti ilibuniwa mjini Nuremberg mnamo mwaka 1700, na jina la Johann Christoph Denner ndilo linalohusishwa nayo. Kwa zaidi ya karne moja ilitengenezwa zaidi kwa mti wa rangi ya manjano unaoota Ulaya. Katika karne ya 19 ala hii iliongezewa vifunguo vingi vya chuma, na ikahitaji mti usiovimba kwa unyevu wa pumzi na unaoweza kushika skrubu ndogo bila kupasuka. Mpingo ulijibu haja hiyo, na tangu hapo Afrika Mashariki, hasa Tanzania na Msumbiji, imekuwa chanzo kikuu cha klarineti na obo za dunia. Mpingo huo hukatwa kuwa vipande, hukaushwa kwa muda mrefu, hukerezwa, hutobolewa na kutiwa mafuta ili usipasuke. Haupakwi vanishi.

Hata hivyo, kiini cha mpingo si cheusi sawasawa. Kina mistari ya kahawia na ya zambarau. Wapigaji na wanunuzi wa klarineti walikwisha kuzoea kwamba ala hiyo ni nyeusi tii, na kwa hiyo watengenezaji wengi wameutia mpingo halisi rangi nyeusi. Yaani mti ambao Mwenge huigwa kwa rangi, huko nako hupakwa rangi ili ufanane na sifa yake. Mpakaji wa Mwenge na fundi wa Ulaya wote wawili wanamtii mnunuzi mmoja: yule anayeamini kwamba mpingo ni weusi.

Tofauti kati yao ipo, nayo ni kubwa. Anayenunua klarineti iliyotiwa rangi amepata mpingo. Anayenunua kinyago kilichopakwa kiwi hakuupata. Lakini chanzo cha makosa ni kimoja. Jina la mti limehamia katika rangi yake. Mti uliotambulika kwa uzito, kwa ubaridi wake mkononi na kwa mlio wake unapogongwa, sasa unatambuliwa kwa jicho peke yake, na jicho ndilo kiungo kinachodanganyika upesi zaidi.

Jina na mti

Kuhama huku kwa maana kuna gharama nje ya kamusi. Tangu Januari 2017 miti yote ya jenasi ya Dalbergia imekuwa chini ya udhibiti wa mkataba wa kimataifa wa CITES, na mwaka 2019 nchi wanachama zilikubali kuziondolea masharti ala za muziki zilizokwisha kukamilika. Wilayani Kilwa, vijiji vinavyomiliki misitu yake vilipata mwaka 2009 hati ya kimataifa ya FSC inayothibitisha kwamba mpingo wao huvunwa kwa utaratibu unaouhifadhi msitu. Mwanakijiji wa Kilwa hufaidika na hati hiyo ikiwa tu duniani kuna mtu anayejali tofauti kati ya mpingo na kisicho mpingo. Kila kinyago cha kiwi kinachouzwa kwa jina la mpingo hulidhoofisha jina hilo, na pamoja nalo bei ya mti ambao mwanakijiji ameulinda.

Haifuati kwamba rangi ni adui. Kutia mti rangi ni ufundi wa heshima, wa zamani na wenye elimu yake, kama ilivyoonyeshwa. Ngoma ya mti wa kawaida iliyotiwa rangi vizuri, ikapigwa msasa na kupewa shelaki nyembamba, ni ngoma nzuri, na inauepusha mpingo na shoka. Kosa la mpakaji haliko mkononi bali mdomoni. Angeuza kazi ile ile kwa jina lake, angekuwa fundi wa rangi. Anapoiita mpingo, ndipo anapogeuka kuwa muuza mkakasi. Wachimbaji wa Uzaramo walilielewa jambo hili zaidi ya karne moja na nusu iliyopita. Chakazi iliuzwa, nayo ilikuwa na wanunuzi wake, lakini iliitwa chakazi.

Hitimisho

Historia iliyofuatwa hapa inaonyesha kwamba msamiati wa karakana ni hifadhi ya kumbukumbu ambazo maandishi mengine hayakuzitunza. Katika neno sandarusi kumelala biashara iliyounganisha Uzaramo na Salem. Katika lakiri kumelala mdudu wa India na muhuri wa barua. Msasa umebeba jani la porini hadi katika semina za walimu. Lakini maneno haya hayajitunzi yenyewe. Chakazi limekwisha kutoka midomoni mwa wasemaji wengi, na sandarusi imegeuka gunia.

Wajibu wa wanaleksikografia katika jambo hili ni mdogo na wa wazi. Mwenge hapako mbali na Mlimani. Mwanafunzi mwenye daftari anaweza kufika kwa miguu, akamkuta fundi kazini, na kuuliza kila hatua na kila chombo kinaitwaje kabla majina hayo hayajahama au kutoweka. Atakayoyapata yatakuwa na thamani kwa historia, kwa istilahi na kwa fasihi vilevile.

Na atakapofika kwenye neno mpingo, aandike kwanza kwamba ni mti mzito unaozama majini. Rangi yake ifuate baadaye.